Spika Getini Ni Kosa: Namna ya Kuongoza Miguu ya Watu kwa Sauti

Mara ya kwanza kupewa kazi ya mitambo kwenye maonesho ya siku tatu pale Tangamano, hapa Tanga, nilifanya ambalo kila fundi mitambo hulifanya. Nilisimamisha spika mbili kubwa getini, moja kila upande, nikazielekeza barabarani, nikafungulia singeli. Watu wakaja. Wakaja kweli kweli, wakafika getini, wakasimama hapo hapo. Ndani mabanda yalikuwa matupu mpaka saa kumi alasiri. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mafuta ya nazi banda la mwisho kabisa, kule ukutani, akanifuata taratibu, akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Mwanangu, hizo spika zako zinawaita watu waje kwako au waje kwetu?"

Sikuwa na jibu. Siku ya pili nilizima zile kubwa, nikaanza kuhangaika na vispika vidogo, na kuhangaika huko sijakuacha hadi leo. Nilichokigundua ni hiki: muziki mkubwa ni kama kivuli cha mwembe. Mtu akifika chini yake ameshapata alichokifuata, aende wapi tena? Ukitaka atembee, kivuli kiwe mbele yake kila mara, kidogo kidogo. Haya ninayoyaandika yanafaa kwa maonesho, soko, uwanja wa shule siku ya mahafali, ukumbi wa makumbusho, hata harusi yenye watu wengi na mlango mmoja.

Anza bila waya hata mmoja

Nenda mahali penyewe siku moja kabla, saa ile ile ambayo watu watakuwepo. Chukua karatasi na kalamu. Kaa robo saa kila kona, ufumbe macho, kisha uandike unachokisikia na kinatoka upande gani. Utaona haya kufumba macho mbele za watu. Vaa miwani ya jua.

Utashangaa kwamba mahali pale pameshapangwa na sauti kabla hujafika. Mimi somo langu kubwa ni muuza kahawa. Hana kipaza sauti. Ana vikombe viwili vya udongo mkononi, anavigonganisha, ti-ti, ti-ti, na wazee waliokaa barazani ng'ambo ya barabara wanageuka bila kukosea upande, ingawa lori linapita katikati. Sasa mlinganishe na machinga mwenye kipaza sauti kinachorudia "buku, buku, buku" kutwa nzima. Huyo unamsikia toka mbali, lakini hujui ni meza ipi mpaka umwone kwa macho, kwa sababu kipaza chake kinapiga ukuta na kurudi, na kwa sababu wako sita wenye wimbo ule ule.

Kwenye karatasi yako tia alama tatu. Duara kwa kila sauti inayovuta watu: mashine ya miwa, vikombe vya kahawa, maji yanayotiririka, kicheko. Msalaba kwa kila sauti inayofukuza. Mstari mzito kwa kila ukuta unaorudisha mwangwi. Halafu shughulikia misalaba kwanza, maana spika haiwezi kumshinda jenereta. Jenereta likiwa mkono wa kulia wa njia, watu wote hupinda kushoto bila kujijua, kwa kuwa hakuna anayetaka kupiga kelele ili aongee na mwenzake. Nimewahi kubadili mwendo wa uwanja mzima kwa kazi moja tu, kulisukuma jenereta nyuma ya ukuta wa matofali na kuongeza waya wa mita 30. Sikugusa spika hata moja.

Mbele ya stesheni ya treni ya Sheffield, Uingereza, walifanya hivyo hivyo kwa fedha nyingi: wakasimamisha ukuta mrefu wa chuma unaotiririka maji kati ya barabara ya magari na uwanja wa kupumzikia. Chuma kinazuia ngurumo, maji yanafunika iliyobaki. Sisi tutatumia ukuta wa choo.

Sauti ipi inaonesha njia

Hapa ndipo mafundi wengi tunapotea, kwa sababu tumezoea kupenda besi, ile sauti nene ya chini. Sikio linatambua upande kwa kulinganisha: sauti inayotoka kulia inafika sikio la kulia kabla ya la kushoto, kwa tofauti isiyofika hata milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kichwa chenyewe kinaziba sehemu ya zile sauti nyembamba zisifike upande wa pili na nguvu ile ile. Besi haizibwi na kichwa. Inazunguka, inajaa kila mahali, inakutikisa kifua bila kukuambia imetoka wapi. Inafaa kuchezea. Kuelekeza haiwezi.

Usiniamini kwa maneno. Mwambie rafiki afumbe macho, simama hatua 10 kutoka kwake, tikisa funguo, umwambie anyooshe kidole. Atapatia. Kisha piga filimbi ndefu ya sauti moja isiyobadilika. Ataanza kubabaika. Ukimwekea besi tupu atanyoosha kidole juu kama anayeonesha mvua.

Kwa hiyo unataka sauti yenye michakacho mingi ndani yake, yenye kuanza kwa ghafla, inayokatika na kurudi. Mimi baada ya kujaribu vitu vingi niliishia kwenye kayamba. Nililipa kikundi cha ngoma cha Kidigo, nikawarekodi nusu saa: kayamba peke yake, bila ngoma, bila wimbo. Ule mchakacho wa mbegu ndani ya matete una sauti nene na nyembamba zote kwa pamoja, na sikio haliwezi kuukosa upande. Baadaye nikaja kujua kwamba kuna watu walishalifanyia kazi jambo hili kitaalamu. Kule Leeds, Uingereza, mtafiti Deborah Withington alitengeneza ving'ora vya milango ya dharura vinavyotoa mvumo wa "shhh shhh" badala ya mlio mmoja, ili mtu aliye kwenye moshi aufuate mpaka mlangoni. Na siku hizi baadhi ya malori yakirudi nyuma hayasemi "pii pii", yanasema "khsh khsh", kwa sababu hiyo hiyo: unajua lori liko wapi, si kwamba lipo tu. Nilifurahi sana. Kayamba lilikuwa linajua zamani.

Jambo moja dogo lakini usilisahau: mtu huchanganya mbele na nyuma mpaka ageuze kichwa. Mlio mmoja tu haumtoshi. Urudie mara tatu nne ili apate muda wa kugeuka na kuhakikisha.

Kupanga spika

Getini usiweke kitu. Weka mtu anayekaribisha kwa mdomo wake. Spika ya kwanza iwe ndani, hatua 12 hadi 15 kutoka getini, ili aliyesimama getini aisikie kidogo tu na kutaka kuisikia zaidi. Hapo ndipo ilipo siri yote. Kisha weka nyingine pale njia inapopinda, si katikati ya njia iliyonyooka. Kwenye njia iliyonyooka macho yanatosha.

Spika ndogo za inchi 4 au 5 ndizo nzuri. Zitundike juu kidogo ya vichwa, kama mita 2 na robo, ziinamishe zitazame nyuso. Ukiziweka chini, miili ya watu inameza zile sauti nyembamba unazozihitaji, na uwanja ukijaa kayamba lako limekufa.

Kuhusu nguvu, shika hesabu moja: nje, penye uwazi, kila umbali unapozidi mara mbili sauti inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukipima 76 mita moja kutoka kwenye spika, utapata 70 mita 2, 64 mita 4, 58 mita 8. Maongezi ya kawaida ya mtu aliye mita moja ni kama 60. Basi spika hiyo inasikika vizuri ukiwa karibu, na ukifika mita 8 inaanza kuzama kwenye maongezi ya watu. Hicho ndicho kipimo chako: ukisimama kwenye spika ya kwanza, ya pili uisikie kwa kutega sikio. Ikikujia yenyewe, imezidi. Programu ya kupima desibeli kwenye simu si sahihi sana lakini kwa kulinganisha spika na spika inafaa.

Sasa, tuseme spika zako ni tano. Ukizipiga zote kwa wakati mmoja na sauti ile ile, msikilizaji atasikia ile iliyo karibu naye tu, na atabaki hapo. Zipokezane. Ya kwanza ichakache sekunde 2, inyamaze. Ya pili ipokee. Kisha ya tatu. Mpaka ya mwisho, kisha kimya cha sekunde 10. Mtu anahisi kama kuna anayetembea mbele yake na kayamba. Mimi nilianza na njia ya kimaskini: kila spika na memori kadi yake, nikatengeneza faili tano zenye urefu sawa, kila moja na kimya chake mahali pake, tukawa vijana watano tunabonyeza pamoja kwa kuhesabu moja mbili tatu. Zinachelewana kidogo kidogo. Baada ya saa mbili ya nne inaanza kabla ya ya tatu na watu wanazunguka kama wali kwenye sufuria. Tulikuwa tunazianzisha upya kila baada ya swala, kwa kuwa wakati wa adhana tunazima kila kitu kwa vyovyote. Ukiwa na mixa, ile mashine ya kuchanganya na kugawa sauti, na kompyuta moja huna haja ya mateso hayo.

Ujia mrefu una ujanja wake. Tuseme una mabanda safu mbili, mita 24, na unataka watu wahisi kwamba kinachoendelea kiko mwisho wa ujia, lakini spika ya mwisho pekee haifiki. Ukiongeza spika mwanzoni, masikio yote yanageukia hiyo ya karibu. Dawa ni kuichelewesha. Sauti katika joto letu inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde, yaani kama milisekunde 3 kwa kila mita. Mara 24 ni 72. Ongeza 15, weka dileyi, yaani ucheleweshaji, ya milisekunde 87 kwenye spika ya karibu. Sasa sauti ya mbali inafika kwanza, ya karibu inafuata nyuma yake kidogo, na sikio huiamini iliyotangulia. Mjerumani Helmut Haas alilipima hili mwaka 1949: sauti ya pili ikifuata ndani ya takriban milisekunde 30 inamezwa na ya kwanza, hata ikiizidi kwa desibeli 10 hivi. Mtu anasikia kwa nguvu ya spika ya karibu, lakini anaapa inatoka mbali. Ukifika mwisho wa ujia na kusikia mwangwi, usichezee dileyi, punguza ile ya karibu.

Jioni ikishaingia, shusha sauti ya kila kitu. Ardhi ikipoa, sauti husafiri mbali kuliko mchana. Kiwango kilichokuwa cha adabu saa nane mchana kitakuletea mjumbe wa mtaa saa tatu usiku.

Mwendo

Mtu mzima akitembea kawaida hupiga hatua 100 hadi 120 kwa dakika, na muziki wenye mdundo ulio karibu na hapo humshika miguu bila kumwomba ruhusa. Wapiga matarumbeta wa harusini wanalijua hili kuliko sisi wa mixa. Bibi harusi akitakiwa aingie ukumbini kwa madaha, wanapunguza. Muda ukiwa umekwisha na MC amekunja uso, wanaongeza, na msafara mzima unaongeza bila mtu kuambiwa.

Mahali pa kuuza weka polepole. Mwaka 1982 Mmarekani Ronald Milliman alichapisha utafiti alioufanya kwenye supamaketi: muziki wa polepole ulipopigwa wateja walitembea taratibu, na mauzo yalizidi yale ya siku za muziki wa haraka kwa asilimia 38. Mama wa mafuta ya nazi hakusoma utafiti huo lakini alishaniambia niweke taarabu ya zamani upande wake.

Onyo: usiweke wimbo unaopendwa mahali ambapo hutaki watu wasimame. Wimbo unaojulikana na wote ni ukuta. Watu wanasimama waimbe kiitikio, wanatoa simu wajirekodi, na mlango umeziba. Kwenye njia ya kutokea weka ala tupu, mdundo wa haraka kidogo, kitu ambacho hakuna anayejua maneno yake.

Maneno

Matangazo yawe machache. Rekodi mtu wa hapo hapo, mwenye lafudhi ya hapo hapo, asiyejifanya mtangazaji wa redio. Taja kwanza anayehusika, kisha mahali, kisha basi: "Wenye watoto wadogo, maji ya kunywa yako upande wa bahari, penye turubai la bluu." Usiseme kulia wala kushoto. Kulia kwa nani? Aliyeingia na anayetoka wana kulia mbili tofauti. Tanga kila mtu anajua bahari iko wapi.

Na usilirudie tangazo kila dakika. Sauti inayojirudia bila kukoma sikio linaifuta, kama feni. Kila dakika 10 inatosha, na siku ya mwisho nyamaza kabisa kwa nusu saa kabla ya tangazo muhimu. Litasikika.

Wasioona, na wengine unaowasahau

Kabla ya kufungua, mwombe mtu asiyeona atembee na fimbo yake, umlipe kama fundi. Rafiki yangu mmoja alizunguka uwanja wangu dakika tano akaniambia kayamba ni zuri, lakini spika ya tatu imemfunikia barabara: hasikii tena bodaboda zinapopita nje ya uzio, na barabara ndiyo alama yake ya kujua amefika ukingoni. Mimi nilikuwa nimeiona ile ngurumo kama uchafu wa kufuta. Tuliisogeza spika hatua sita.

Ukikusudia sauti iwe alama kwao, iwe moja kwa maana moja. Japani, vivuko vingi vya barabara vina mlio wa ndege kekeo kwa upande mmoja na wa kifaranga kwa upande mwingine, ili mtu ajue ni barabara ipi imefunguliwa. Uingereza, palipo na vivuko viwili vya karibu ambapo mlio wa kimoja ungemponza aliye kwenye kingine, sauti haitumiki: chini ya kisanduku cha kubonyezea kuna kikoni kidogo kinachozunguka, mtu anakigusa kwa kidole. Napenda sana kile kikoni. Ni fundi aliyejua wakati wa kunyamaza.

Ving'ora na honi usivitumie kamwe kama mapambo au kuchangamsha watu. Viache kwa hatari. Na upange mapema: likitokea la kutokea, swichi moja izime muziki wote, na kayamba lilie mfululizo kwenye milango ya kutokea peke yake. Walinzi wajaribu hilo asubuhi kabla watu hawajaingia.

Kuna jambo sitalifanya hata nikilipwa. Tangu 2005 Uingereza kunauzwa kifaa kinachotoa mlio mwembamba wa herzi kama 17,000, yaani mitetemo 17,000 kwa sekunde, ambao vijana wanausikia na watu wazima wengi hawausikii tena, ili kifukuze vijana mbele ya maduka. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama naweza kumtengenezea cha aina hiyo kwa ajili ya wavulana wanaokaa kwenye ngazi za duka lake. Mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake anausikia pia, na hawezi kusema. Nilimshauri awawekee benchi upande wa pili penye kivuli. Walihama siku hiyo hiyo.

Vibali ni kawaida: serikali ya mtaa, manispaa, na ukikaa karibu na zahanati au shule nenda ukaongee nao uso kwa uso hata kama karatasi unayo.

Utajuaje kama inafanya kazi

Usiulize watu, watakwambia muziki mzuri. Hesabu. Tafuta kijana akae kwenye njia panda na kokoto mfukoni: anayepinda kulia, kokoto kulia; anayepinda kushoto, kokoto kushoto. Robo saa spika zikiwa zimezimwa, robo saa zikiwa zinafanya kazi, siku ile ile, saa zilizokaribiana. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, spika zikiwa kimya rundo la upande wa ukutani lilienea kiganjani. Kayamba lilipowashwa kijana akaomba kofia.

Mahali pengine hakuna tofauti yoyote. Basi ondoa spika hiyo, usiione haya. Kwenye njia panda yangu ya pili hakuna sauti iliyowahi kusaidia, kwa sababu kulikuwa na harufu ya mishikaki.

Kufunga ni kinyume cha kufungua. Dakika 40 kabla ya saa ya mwisho, zima spika ya ndani kabisa. Usitangaze chochote. Baada ya dakika 10 zima inayofuata, kuelekea getini. Watu wanaanza kujisogeza wenyewe, wakidhani ni wao walioamua kuondoka. Ile ya kwanza, ya hatua 12 kutoka getini, iache ichakache mpaka baiskeli ya mwisho itoke, halafu ndipo uanze kukunja waya.